Mwalimu wa Mistari ya Msimbazi

Katika ghorofa moja ya zamani jirani na Mtaa wa Msimbazi, juu ya maduka ya vitenge, anaishi mhasibu mstaafu ambaye vijana wa Kariakoo humwita Mwalimu. Kila Jumatatu alfajiri, kabla wapagazi hawajaanza kudai njia, huwa ameshafungua Excel na kuandika matokeo ya ligi ya mwishoni mwa wiki. Mechi moja, mstari mmoja. Hakosi, hata siku ambazo mafuriko yamefunga Jangwani.

Kazi hii aliianzia kwenye kauntabuku, kwa rula na kalamu nyekundu. Alipopata kompyuta alizihamisha safu zake zilivyokuwa, kisha akajifunza mwenyewe kuandika makro. Nimemtazama akibadili tarakimu moja, akiijaribu kwa matokeo ya misimu iliyopita, halafu akairudisha ilivyokuwa kwa sababu haikuthibitika. Subira ya namna hiyo siioni tena mjini.

Safu ninayoipenda kuliko zote inaitwa Mzigo. Aliichota kwenye mbio za farasi za Nairobi, ambako farasi hodari hupandishiwa uzito ili wanyonge nao wapate nafasi. Farasi hao walikuwa wakikimbia Kariokor kabla ya uwanja kuhamia Ngong mwaka 1954, na waliojua kuwapima hawakutazama farasi peke yake: walitazama uzito aliobeba, umbali, udongo wa siku hiyo na mpanda farasi. Mwalimu huziuliza timu zetu maswali yaleyale. Hii imetoka Bukoba kwa basi, zaidi ya kilomita 1,300. Imelala siku ngapi kabla ya mechi? Ile ya pwani inapanda uwanja wa Sokoine, Mbeya, kama mita 1,700 juu ya bahari. Pumzi itafika dakika ya themanini? Masika yameufanya nini uwanja? Kila jibu lina tarakimu yake. Akibonyeza kitufe, makro huchukua mechi kumi za mwisho, huzipa za karibuni nguvu zaidi, hupunguza mzigo, kisha huweka mezani asilimia tatu: kushinda, sare, kufungwa.

Hapo ndipo hufungua odi za kampuni ya kubeti. Tuseme ni 2.00, 3.20 na 3.80. Gawa moja kwa kila odi: asilimia 50, 31.25 na 26.3. Jumla inapita mia kwa saba na ushee, na ziada hiyo ndiyo mkate wa kampuni. Asiye na asilimia zake mwenyewe atajuaje kama bei aliyopewa ni ya haki? Bill Benter, Mmarekani aliyepima farasi wa Hong Kong kwa kompyuta tangu miaka ya 1980, alieleza wazi mwaka 1994 kwamba hesabu zake alizichanganya na odi za umma, kwa maana soko nalo linajua mambo. Mwalimu naye huiheshimu odi. Mara nyingi jedwali humwambia atulie, naye hutulia.

“Shikamoo Mwalimu. Leo unampa nani?”

“Marahaba. Leo simpi mtu.”

Simba na Yanga wakikutana hagusi kabisa. Mistari ya mechi hizo ameipaka rangi ya manjano: tano bila za Simba, Mei 6, 2012, tano kwa moja za Yanga, Novemba 5, 2023. Huiacha hapo imkumbushe mpaka wa maarifa yake. Fundi anayejua kazi yake inakoishia ni fundi kweli.

Chini ya dirisha lake, vijana wananunua mikeka ya kubeti ya watu wasiowajua. Inakuja kwa namba kwenye simu, mechi ishirini za nchi ambazo hawajaona hata timu moja ikicheza. Hata kama kila mechi ingekuwa na asilimia 70 za uhakika, nafasi ya zote ishirini kutiki ingekuwa chini ya moja kwa elfu. Hesabu hiyo haichukui dakika, na hakuna anayeipiga. Mkeka ukichanika hulaaniwa mshambuliaji, na jioni hela ya nauli hutafutiwa mkeka mwingine. Kamari imekula nyumba nyingi Dar es Salaam, nami simsifu mtu kwa kubeti. Ninachokisifu ni mkono ulioandika kabla ya kusema na macho yaliyotazama kabla ya kuhukumu. Vitu hivyo tulikuwa navyo kwa karani wa duka, kwa mpima nguo, kwa mwandika hesabu za jahazi, na tumeviachia simu.

Vijana wanaoijua kompyuta kumshinda Mwalimu wamejaa kila ngazi ya jengo lile. Faili wameliomba wengi. Wa kukaa naye Jumatatu moja, aandike kwa mkono wake mechi aliyoitazama kwa macho yake, hajapatikana, na ujuzi wa namna hii haurithiwi kwa kutumiwa faili.