Mkono wa Michembe

Mvua za Shinyanga ni za msimu mmoja. Huanza Novemba, hukatika Aprili au Mei, na zikikatika zimekatika. Kufika Juni, luseni, ule mchanga mwepesi wa miinukoni ambao Wasukuma huutengea viazi vitamu na karanga, unakauka na matuta yanaanza kupasuka. Kiazi kilichobaki ardhini hakina muda tena. Fukusi hupita katika nyufa hizo hizo, hutaga, na kiazi kilichokuwa kitamu kinageuka kichungu, chenye vishimo vyeusi na harufu isiyotoka hata ukipika na kupika tena. Mwenye shamba ana wiki chache za kuamua: auze kwa bei ya kutupa wakati kila mtu anauza, aviache viliwe na wadudu, au avigeuze michembe.

Michembe ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba vikiwa vibichi, vikaanikwa mpaka vikauke kabisa. Matobolwa ni ndugu yake, ila yeye huchemshwa kwanza, ndipo akatwe na kuanikwa. Michembe huwa myeupe, mikavu, ukiimimina inalia kama vigae. Matobolwa ni ya kahawia, magumu nje na yenye kuvutika ndani, na hayakauki uani bila kupungua, kwa sababu watoto wapo.

Ukisimuliwa, unaona ni kazi ya kitoto: menya, kata, anika. Nimekaa uani kwa shangazi yangu, upande wa Kishapu, nikamtazama akiifanya kuanzia tuta hadi sufuria, na ninachoweza kusema ni kwamba sehemu kubwa ya ufundi wake ni kutogusa. Viazi vikishatoka shambani havikatwi siku hiyo. Vinaachwa visinyae. Nyumba nyingine humenya kwanza ndipo waviache, nyingine huviacha na maganda yake, na kila nyumba ina hakika jirani anakosea. Siku ya kwanza nilichukua kisu nikidhani namsaidia. Akakichukua mkononi mwangu bila ukali. “Bado, baba. Hicho bado kina kiburi.”

Kiazi chenye kiburi ni kile kilichojaa maji. Ukikikata kinakatika kwa mlio, kipande kinavunjika, na utomvu mweupe unakugandia vidoleni. Kikisinyaa kinalainika. Kisu kinapita kimyakimya, na kipande kinatoka chembamba, kinapindika bila kukatika. Kuna jambo jingine linaloendelea humo ndani ambalo shangazi halijui kwa jina lakini ulimi wake unalijua vizuri. Kiazi kilichochimbwa kinaendelea kupumua. Maji yanapungua na sehemu ya wanga wake inageuka sukari, kwa hiyo kile kilicholala siku mbili kivulini ni kitamu kuliko kilichotoka tutani asubuhi. Anayekata mapema anapata michembe, lakini ya kujaza tumbo tu.

Kukata ni kazi ya mazungumzo. Majirani huja na visu vyao, wanasalimiana mwangaluka, mwangaluka mayu, wanakaa kwenye vigoda na khanga zimefungwa kiunoni. Hakuna ubao wa kukatia. Kiazi kinashikwa kwa mkono wa kushoto, kisu kinavutwa kuelekea kidole gumba, na kipande kinaanguka kwenye ungo. Hawaangalii mikono yao. Wanajadili harusi, deni la mbegu za pamba, mtoto wa fulani aliyekwenda machimboni Nyarugusu na hajapiga simu, na vipande vinaendelea kuanguka vyote unene mmoja. Unene ukitofautiana, vyembamba vitakauka na vinene vitabaki na maji katikati, kisha vinene vitaambukiza vyote ukungu humo kihengeni. Hesabu yote hiyo iko kwenye kidole gumba.

Kuanika nako kuna wenyewe. Penye majabali, jabali ndilo la kwanza: limefagiliwa, limepata jua tangu asubuhi, na linatunza joto mpaka jioni. Mkeka unafuata. Bati ni zuri ila linaunguza kingo kabla ya katikati kukauka. Turubai, ambalo siku hizi liko kila nyumba, shangazi halipendi: linatoa jasho upande wa chini, na asiyegeuza vipande mchana atakuta vimekuwa vyeusi. Jioni vyote vinakusanywa kwa sababu ya umande, asubuhi vinatandazwa upya. Jua likiwa kali, siku tatu au nne zinatosha. Namna ya kujua ni kuchukua kipande kinene kuliko vyote na kukivunja. Kikisema ta!, tayari. Kikipinda, kesho tena.

Wasukuma hawako peke yao katika hili. Upande wa Teso, mashariki mwa Uganda, watu wana amukeke, ambayo ni michembe kwa jina jingine, na inginyo, ambavyo ni viazi vilivyopondwa kabla ya kuanikwa. Mkoa wa Ibaraki nchini Japani unajulikana kwa hoshi-imo: viazi vitamu vilivyopikwa kwa mvuke, vikakatwa na kuanikwa katika upepo mkavu wa majira ya baridi. Ukimpa mtu wa Maswa hoshi-imo atakuambia ni matobolwa, na atauliza nani kayaanika maana yamebaki laini mno.

Ukielekea magharibi, Geita, mambo yanabadilika. Katika mkoa huu ziwa liko karibu, mvua ni nyingi zaidi na jua la kuaminika ni la muda mfupi. Huku mihogo ndiyo inayobeba akiba ya nyumba. Humenywa, hurundikwa na kufunikwa siku kadhaa mpaka iote ukungu, hukwanguliwa na kuanikwa, ikawa udaga. Subira ya hapo si ya ladha tu, kwa kuwa kule kurundika kunapunguza sumu iliyomo kwenye mihogo michungu. Michembe ipo pia, ila mama wa Geita ana tatizo ambalo wa Kishapu hana. Karibu na machimbo madogo ya Rwamgasa au Nyarugusu, makarasha yanasaga mawe kutwa na zebaki inachomwa kwenye vikaango ili dhahabu ibaki. Anayejua kazi yake anaangalia upepo kabla ya kutandaza mkeka.

Machi 2019 mjini Geita lilifunguliwa soko la dhahabu, ambako mzigo unapimwa kwa mizani ya gramu na kila mtu anaitazama mizani hiyo kwa jicho kavu. Michembe inapimwa kwa sado, ile ndoo ndogo ya rangi ya lita nne, na muuzaji mwenye heshima anaongeza kilima juu. Sitaki kuvilinganisha hivi viwili kwa mahubiri. Fedha ya machimbo imejenga nyumba na kusomesha watoto. Nasema tu kwamba nimewahi kukaa meza moja na vijana waliotoka duarani, yaani shimoni machimboni, mbele yao chipsi mayai, na mazungumzo yao yote yalikuwa juu ya michembe ya karanga ya mama zao.

Basi tufike jikoni. Michembe huoshwa mara mbili, tatu, kwa sababu jua la Julai huja na vumbi lake. Inafunikwa kwa maji na kuwekwa motoni, na moto wake ni wa polepole. Kuni za sufuria hiyo nazo zina historia. Misitu ya Shinyanga ilifyekwa sana zamani, kuwafukuza mbung’o na kupata mashamba, mpaka akina mama wakawa wanatembea mbali kutafuta kuni. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na busara yake kubwa ilikuwa kurudi kwenye ngitili, utaratibu wa Wasukuma wenyewe wa kufunga eneo la malisho ili lipumzike na kuota. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Shangazi hajui habari za tuzo. Anachojua ni kwamba kuni anazikata karibu na nyumbani, na kwa hiyo anaweza kupika chakula kinachotaka moto wa muda mrefu.

Michembe ikianza kulainika, karanga zilizotwangwa zinaingia, chumvi kidogo, na mwiko unaanza kazi. Hapa ndipo mkono wa mpishi unapojulikana. Anayekoroga sana anapata uji mzito usio na meno. Asiyekoroga anapata vipande vinavyoogelea kwenye maji ya karanga. Shangazi anaponda kama nusu, nusu anaiacha mizima, kisha anaupunguza moto na kukaa, mpaka mafuta ya karanga yapande juu yenyewe. Wengine hupika na choroko au maharage. Wengine hula na mtindi uliosukwa kwenye kibuyu. Hayo yote ni halali. Sukari, hapana, na nimeona mtu akiitia, tena mbele ya wakwe.

Siku hizi kuna viazi lishe, vya rangi ya chungwa, vyenye vitamini A. Ni kitu cha maana: mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watafiti wakiwamo walioviendeleza, mmojawapo Robert Mwanga wa Uganda. Shangazi amevipanda matuta mawili na kuwalisha wajukuu. Kwa michembe, anasema, vina maji mengi, vinakauka vikiwa vimejikunja, na jua linakula rangi. Watafiti wanakubaliana naye kwa sehemu, maana jua la moja kwa moja hupunguza hicho kinachovipa rangi, na hushauri vianikwe kivulini. Sijui nani atashinda ubishi huu, lakini yeye ndiye mwenye kihenge.

Kihenge chenyewe kinalindwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mdudu aitwaye dumuzi aliingia nchini kupitia Tabora, jirani kabisa, na watu wakambandika jina la lori, Skania. Anajulikana kwa mahindi, lakini mihogo na viazi vikavu pia havimshindi. Unga laini chini ya kihenge ndiyo dalili yake ya kwanza. Kwa hiyo ukishuka basi Tinde na kuona viroba vya michembe kando ya barabara, usiridhike na ile myeupe iliyopangwa juu. Ingiza mkono mpaka chini, utoe kipande, utazame kama vidole vimetoka na unga. Kivunje, usikilize. Kinuse. Muuzaji atanuna, mwache anune. Kisha muulize kama viazi vilisinyaa kabla ya kukatwa. Akianza kukueleza nyumbani kwao huviacha siku ngapi, na kwa nini jirani yake anakosea, chukua sado mbili.