Usiiguse besi ya Sikinde kabla hujaisikiliza tepu

Nyimbo za bendi ya Mlimani Park, yaani Sikinde, zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) miaka ya 1980 leo zinapigwa Buguruni kwenye sabufa ambazo fundi mitambo wa wakati ule hakuwahi kuzifikiria. Nakala nyingi zinazozunguka mtaani zimeshapita mikononi mwa mtu aliyeongeza besi na kuzipeleka juu sauti kali. Matokeo yake gitaa la besi la Suleiman Mwanyiro linageuka mvumo, na Cosmas Chidumule anayeimba "Neema" anasikika kama yuko chumba cha pili. Kosa haliko kwenye tepu. Liko kwenye mkono ulioshika ikwalaiza.

Ili kujua mkono huo ufanye nini, sharti ujue tepu ilitengenezwaje. Studio za RTD zilikuwa Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Nyerere, si mbali na Buguruni. Bendi ilipiga yote kwa pamoja, waimbaji, magitaa, tarumbeta, saksafoni na tumba, na uwiano wa sauti ulipatikana palepale: nani asogee karibu na maikrofoni, nani arudi nyuma, nani apunguze amplifaya. Kilichoingia kwenye tepu kilikuwa wimbo uliokwisha kuchanganywa. Hakuna njia ya kurudi ukavuta gitaa la rithimu peke yake. Na wimbo huo ulikwenda hewani kwa masafa ya kati, ambako vituo hupangwa kwa nafasi ya hezi 9,000 na redio nyingi za nyumbani hazitoi zaidi ya hezi 4,500 hivi. Ndiyo maana utajiri wote wa rekodi hizi uko kwenye sauti za katikati: maneno, solo, mwitikio wa tarumbeta na saksafoni. Mimi nauona ni ubora wake, wala si upungufu wa kurekebishwa.

Kwa tepu ya namna hii, kila nobu ya ikwalaiza inawagusa wote. Ukipandisha hezi 3,000 ili mwimbaji Hassan Bitchuka atamke wazi, umepandisha pia ncha ya gitaa la solo na ukali wa saksafoni. Ukitaka besi zaidi kwenye hezi 100, tumba nalo linapanda. Kwenye miksi ya kisasa yenye njia 24 unaweza kuongeza desibeli 6 kwenye ala moja na wimbo usidhurike. Hapa hata desibeli 2 ni nyingi.

Kuna hatua watu wanairuka, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Mashine ya tepu yenyewe ina ikwalaiza ndani yake. Wakati wa kurekodi na wa kucheza, mashine hupindisha sauti kwa kanuni maalumu, na kanuni hizo ni mbili zilizoenea: NAB ya Kimarekani na IEC ya Ulaya. Tepu iliyorekodiwa kwa IEC kwa kasi ya inchi 15 kwa sekunde, ikichezwa kwenye mashine iliyowekwa NAB, sauti za juu hupanda kwa takriban desibeli 3 na hezi 50 hushuka kwa desibeli 3. Waya mzito kabisa wa gitaa la besi unalia kwenye hezi 41. Huo unapoteza kama desibeli 4. Sasa fikiria fundi asiyejua hilo. Anasikia besi nyembamba na sauti kali, anaongeza chini, anakata juu, anadhani anairekebisha rekodi ya RTD, kumbe anapambana na swichi aliyoiacha mahali pabaya. Vivyo hivyo kwa kichwa cha kusomea: kikikaa upande kidogo tu, sauti za juu hupotea, na hakuna ikwalaiza itakayozirudisha sawasawa. Kinyooshe kichwa kwanza.

Hayo yakikaa sawa ndipo vifaa vya analogi vinapata kazi yao halali. Kinachofaa zaidi kwa tepu kama hizi, kwa maoni yangu, ni ikwalaiza ya Pultec, iliyobuniwa na Eugene Shenk na Ollie Summerlin mwaka 1951. Saketi yake ya kupinda sauti haina nguvu ya kukuza. Valvu zinafuata nyuma kurudisha kiwango kilichopotea. Ina nobu ya kuongeza besi na nyingine ya kupunguza besi, zote kwenye masafa yaleyale, na mikunjo yao hailingani. Chagua hezi 60, ongeza kidogo na punguza kidogo kwa pamoja: chini panajaa, na juu yake, kwenye eneo la hezi mia chache, panafanyika bonde pana. Hapo ndipo rithimu, solo la pili na tumba vinapogongana kwenye dansi letu. Kwa hiyo Mwanyiro anapata mwili bila kumfunika mwimbaji. Juu ya hezi 10,000 mimi ningeacha kabisa, kwani ukiongeza hapo unapandisha mchakacho wa tepu kuliko muziki.

Ikwalaiza za vitelezo zinazouzwa Kariakoo ni nzuri kwa ukumbi, kwa kuzima maikrofoni inayopiga yowe. Kuipitisha rekodi nzima kwenye vitelezo vilivyopangwa umbo la tabasamu ni kukata katikati, yaani kuwakata waimbaji.

Kwa yeyote mwenye tepu au kaseti za RTD nyumbani au ofisini, ombi langu ni hili: nakili kwanza bila ikwalaiza yoyote ya nyongeza, kwa biti 24 na hezi 96,000, uandike pembeni kasi ya tepu na kanuni ya mashine uliyotumia. Nakala hiyo isiguswe na mtu. Ya kuongezea besi itengenezwe kutoka hapo.