Istilahi za Ndani ya Kompyuta Mpakato: Kumbukumbu na Hifadhi

Istilahi huundwa ili mtu aliye mbali na kitu aweze kukiagiza bila kukosea. Kwa kipimo hicho tunakusudia kuchunguza majina ya vipuri vya ndani vya kompyuta mpakato, hasa yale anayoyahitaji mwenye kompyuta ya zamani anapotaka kuifufua badala ya kununua mpya. Majina ya nje hayana shida kubwa: kibodi, skrini, chaja na kipanya vinaeleweka. Mtu akipenda kusema kipakatalishi badala ya kompyuta mpakato, fundi ataletewa kitu kilekile, nasi hatuoni faida ya kuendeleza ubishi huo. Taabu huanza skrubu zinapofunguliwa.

Mazimbu yatufaa kwa mfano. Mahali hapo, palipokuwa na shule ya Solomon Mahlangu ya chama cha ANC cha Afrika Kusini tangu 1978 hadi 1992, leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Darasani mambo ya kompyuta hufundishwa kwa Kiingereza. Ukitoka langoni ukaenda kwa fundi mjini Morogoro, mashine ileile hutengenezwa kwa Kiswahili, na fundi husema ramu, hadi diski, prosesa, feni. Wafasiri nao, wakiwa mezani, huandika kumbukumbu, hifadhi, diski kuu, kichakataji. Mwanafunzi amesimama katikati ya makundi haya mawili, na hakuna aliyemwambia kwamba ramu ya fundi ndiyo kumbukumbu ya mfasiri.

Neno hili kumbukumbu ndilo linalotusumbua zaidi. Ramu ni kijiti kinachoshika kazi inayofanywa wakati huo tu. Umeme ukizimwa, vyote vilivyomo hupotea. Diski ndiyo inayotunza barua na picha hata mashine ikilala kabatini mwaka mzima. Sasa, katika Kiswahili cha kila siku na cha ofisini, kumbukumbu ni kile kinachowekwa kisipotee. Tuna kumbukumbu za mkutano, na serikalini tuna Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Hata kijana wa simu akisema memori, ana maana ya kadi inayotunza picha. Basi wafasiri wamekipa kijiti kinachosahau kila jioni jina la kitu kisichosahau! Mtumishi anayesoma kwenye skrini kwamba kumbukumbu haitoshi hufuta barua zake za zamani, na kompyuta hubaki nzito vilevile, kwa kuwa barua hazikuwa kwenye ramu.

Kosa hilo lina gharama. Ofisi ikiandika katika hati ya ununuzi maneno kuongeza kumbukumbu, muuzaji aweza kuleta kijiti au diski, na vyote viwili vitalingana na maandishi. Kompyuta inayochukua muda mrefu kuwaka aghalabu huhitaji diski mpya. Inayokwama kazi nyingi zikifunguliwa pamoja huhitaji ramu. Tena ramu zenyewe haziingiliani. Kijiti cha DDR2 cha kompyuta mpakato kina miguu 200, cha DDR3 kina 204, cha DDR4 kina 260, na pengo lake huwekwa mahali tofauti ili kisiingie pasipo pake. Diski za inchi 2.5 nazo hutofautiana unene: ya milimita 9.5 haiwezi kuingia katika nafasi ya milimita 7. Zile mpya zisizo na sahani inayozunguka huitwa diski kwa mazoea tu. Twapendekeza hifadhi isiyozunguka. Hifadhi mango hatuitaki, kwani mango ni neno la mwalimu wa fizikia, na diski ya zamani nayo ni mango.

Chanzo cha upungufu huu, kwa maoni yetu, ni historia. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 uingizaji wa mashine hizo ulipigwa marufuku, na kwa miaka mingi raia wa kawaida hakupata ya kuifungua. Juhudi kubwa zilipokuja, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, zilishughulikia maneno ya kwenye skrini, kama zilivyopaswa. Maneno ya ndani yaliachwa yajitafutie.

Pendekezo letu ni kwamba ramu ipokewe kama tulivyopokea betri na feni, na hifadhi ibaki jina la diski za kila namna. Tutaambiwa kwamba ramu ni kileo. Lakini hatujasikia mtu aliyetumwa kwa fundi wa kompyuta akarudi na chupa. Kumbukumbu irudishwe kwa makarani.

Limebaki jambo la vitenzi. Katika kompyuta za zamani ramu huchomekwa na kuchomolewa. Katika nyingi za sasa imetiwa lehemu kwenye bodi, haitoki. Mafundi wa redio wanalijua neno lehemu tangu zamani, lakini matangazo ya mauzo ya Kiswahili hayalitumii, na mnunuzi hajui kama aweza kuongeza ramu baadaye mpaka amekwisha kulipa.