Yale Magodoro ya Westgate

Hukumu yangu naitoa mapema: katika siku zile nne za shambulio la magaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, hakuna kauli iliyoiharibia serikali ya Kenya jina kama ile ya magodoro. Wapo wanaoilaumu Twitter, wapo wanaowalaumu wanahabari waliosogelea utepe wa polisi kupita kiasi. Mimi sibanduki pale Jumatatu, tarehe 23 Septemba 2013, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Joseph Ole Lenku, alipoutangazia ulimwengu kwamba moshi uliokuwa ukipaa kutoka jengo lile ulitokana na magodoro yaliyochomwa na magaidi. Na nyuma ya kosa lake lipo letu sisi wa vyumba vya habari. Kauli hiyo wengi wetu tuliipokea mzimamzima, tukaipeleka hewani bila hata kuitia neno "amedai".

Picha mlizitazama, kwa hiyo sina haja ya kusimulia sana. Mchana ule ilisikika milipuko mizito, mmoja baada ya mwingine, kisha moshi mweusi tititi ukaifunika anga ya Westlands, kamera zote zikiwa wazi. Waziri akaja mbele ya vipaza sauti. Msemaji akifika mahali kama pale huwa na njia tatu. Anaweza kuuruka moshi akazungumzia mengine. Anaweza kusema kwamba moto umezuka, chanzo hakijajulikana, maafisa wako kazini, na taarifa nyingine itatolewa saa kumi. Au anaweza kutaja chanzo. Njia ya kwanza ni ya woga, ila haina madhara makubwa. Ya pili ndiyo kazi yenyewe. Ya tatu ni ya mwenye ushahidi mkononi, na Ole Lenku aliiendea mikono mitupu.

Ipasue kauli yenyewe uone kilichomo. Mna chanzo, yaani magodoro. Mna mtendaji, yaani magaidi. Mna na nia, kwamba walifanya hivyo ili kuwababaisha maafisa wa usalama. Madai matatu kwa mpigo, shahidi hata mmoja hakutajwa. Risasi zilikuwa bado zinalia. Hakuna mtaalamu wa moto aliyekuwa ameingia akapekua majivu akatoka na jibu. Duka la Nakumatt lililokuwemo Westgate liliuza magodoro, hilo kila mnunuzi wa Nairobi alilijua, na huenda mahali fulani mle ndani godoro liliungua. Lakini jambo kuwezekana ni kitu kimoja, na jambo kuthibitishwa ni kingine. Msemaji anayelipwa na umma hukaa upande wa pili.

Kisha akaingia ulingoni kushindana na kamera. Mtazamaji alisikia mlipuko kwanza, moshi akauona baadaye, na hahitaji shahada kujua kwamba godoro halilipuki. Msemaji anayeijua kazi huitazama picha iliyo hewani kabla ya kufungua mdomo, akasema yanayolingana nayo au asiseme kitu juu yake. Akiipinga bila ushahidi, mtazamaji atayashika aliyoyaona kwa macho yake, na kuanzia hapo kila atakalosikia kutoka kwa msemaji huyo atalipima upya, hata likiwa kweli tupu.

Tena hakujiachia mlango wa kutokea. Mabingwa wa kazi hii huanza na saa: kufikia saa nane mchana, tunalolijua ni hili. Maneno hayo machache humruhusu msemaji kurudi saa kumi na kusema vingine bila kuitwa mwongo. Kauli ya magodoro haikuwa na saa, haikuwa na "tunaarifiwa", haikuwa na "tunachunguza". Baadaye orofa tatu zikaporomoka, magari yaliyokuwa yameegeshwa juu yakatumbukia shimoni, na picha zake zikaenea kote. Hapo palihitajika mtu arudi kwenye vipaza sauti aseme: yale ya Jumatatu yafuteni. Sikumsikia. Watu wakabaki wakiulizana ni godoro gani hilo linaloangusha orofa tatu, na mitandaoni msiba ukachanganyika na mzaha ambao serikali ilijitakia yenyewe. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Makosa mengine ya siku zile yalikuwa ya kawaida, na nayataja kwa sababu yanafanana na hilo. Idadi ya washambuliaji ilitolewa kuwa kati ya 10 na 15. Picha za kamera za usalama zilipochambuliwa, walioonekana ni wanne. Waziri wa Mambo ya Nje, Amina Mohamed, aliiambia televisheni ya PBS ya Marekani kwamba miongoni mwao walikuwemo Wamarekani wawili au watatu na mwanamke Mwingereza, huku Ole Lenku akisema wote ni wanaume, ila baadhi walivaa nguo za kike. Mawaziri wawili wa baraza moja, siku moja, vinywa viwili. Usiku wa Jumatatu ikaandikwa Twitter kwamba jengo limedhibitiwa, na Jumanne milio ya risasi ikaendelea hadi Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza jioni kwamba yamekwisha. Waliokufa, mbali na magaidi, walikuwa 67. Aliyefanya kazi safi ni Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya chini ya Abbas Gullet: takwimu za waliojeruhiwa na waliotoweka, mahali pa kuchangia damu, basi.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua sasa nitamtaja nani. Ivy Lee, Mmarekani aliyeacha uandishi wa magazeti akawa baba wa kazi hii ya uhusiano mwema. Oktoba 1906 treni ya kampuni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini Atlantic City na watu 53 wakafa. Desturi ya makampuni ya reli wakati ule ilikuwa kuwafungia waandishi njia. Lee alifanya kinyume. Aliandika taarifa ya yale yaliyojulikana akaigawa kwa magazeti yote, kisha akawasafirisha waandishi hadi penye ajali wajionee. New York Times ililichapisha andiko lake neno kwa neno. Ndipo ilipozaliwa taarifa kwa vyombo vya habari, karatasi ile ile inayojaza barua pepe za wahariri wetu kila asubuhi. Tofauti ni kwamba Lee aliitoa karatasi na mlango akaufungua. Siku hizi karatasi inakuja, mlango umekomewa.

Hata hivyo, Lee huyo huyo ndiye anayetufundisha kwa nini magodoro yalikuwa kosa la kitaalamu, mbali na aibu yake. Mwaka 1914 aliajiriwa na familia ya Rockefeller kuitetea kampuni yao ya makaa ya mawe baada ya mauaji ya Ludlow, Colorado, ambako wanawake na watoto wa wachimbaji waliogoma walikufa kambi yao ya mahema ilipoteketea. Lee akasambaza vijarida vyenye maelezo ya kampuni, likiwemo la kwamba moto ulitokana na jiko lililopinduka. Tume ya Marekani ya mahusiano ya viwandani ilipomhoji mwaka 1915 ni juhudi gani aliyoifanya kuhakiki aliyoyaandika, alijibu kwamba hakufanya yoyote, aliandika alivyoambiwa. Mwandishi Upton Sinclair akambandika jina la mmea wa sumu, nalo halikumtoka hadi kaburini. Jiko la Ludlow na godoro la Westgate yametengana kwa miaka 99, na fundi wake ni mmoja: mtu aliyepewa sababu ya moto na wakubwa, akaibeba bila kuuliza nani ameona.

Lee wa 1906 alikuwa na mrithi wake, James Burke wa Johnson & Johnson. Mwaka 1982 watu saba walikufa eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vya Tylenol vilivyotiwa sianidi, na kampuni ikaziondoa madukani chupa zipatazo milioni 31. Hilo hufundishwa vyuoni hadi leo. Linalosahauliwa ni kwamba awali kampuni ilikana kuwa na sianidi viwandani mwake, kisha ikagundua kwamba kiasi kidogo kilitumika maabara kupimia ubora, na ikabidi iyasahihishe maneno yake. Kusahihisha hakukuiua. Bidhaa ilirudi sokoni na ikanunuliwa. Msemaji wa Westgate alikuwa na nafasi hiyo Jumatatu jioni, Jumanne asubuhi, Jumatano mchana kutwa.

Sasa nigeukie nyumbani kwetu, maana nikimchapa waziri peke yake nitakuwa nimefanya nusu ya kazi. Nimekuwa nikipiga kelele juu ya ile mikutano ya wanahabari ambapo mkubwa anasoma karatasi, anaikunja, msaidizi anasema hakuna maswali, na sisi tunazoa vipaza sauti vyetu na kuondoka kama waliohudhuria ibada. Nitaendelea kupiga kelele. Mkutano usio na maswali ni tangazo, na tangazo lina bei yake kwenye gazeti. Bahasha ya nauli nayo ipo, tusijifanye hatuijui. Inagawiwa nje ya ukumbi kwa orodha, na anayesaini orodha hiyo ameshajua habari yake itaanzaje. Lakini bahasha ni ugonjwa mdogo. Ugonjwa mkubwa ni kwamba taarifa inafika ikiwa imeshapikwa: kichwa cha habari kipo, nukuu ya mkurugenzi ipo, picha na maelezo yake ipo. Kwenye dawati kuna mhariri mmoja aliyeachiwa kazi ya watatu, na ukurasa unafungwa saa kumi na mbili. Anayeandika taarifa hizo mara nyingi ni mwenzetu wa jana aliyehamia ng'ambo ya pili. Manoah Esipisu, aliyewahi kuwa Reuters, alikuja kuwa msemaji wa Ikulu ya Nairobi. Salva Rweyemamu alitoka kwenye uhariri akaenda kuongoza mawasiliano ya Ikulu ya Dar es Salaam. Siwalaumu kwa kuhama. Nasema tu kwamba upande ule wanajua ratiba yetu, njaa yetu na uvivu wetu, na sisi upande huu tunajifanya hatujui kwamba wanajua.

Ongeza pesa. Serikali imekuwa mteja mkubwa wa matangazo ya magazeti ya Kenya, na mwaka 2015 matangazo hayo yalianza kupitia wakala wake mmoja. Mkurugenzi wa biashara akikumbuka deni ambalo halijalipwa, swali la mwandishi hupungua makali kabla halijaulizwa. Enzi ya Hilary Ng'weno, aliyeanzisha The Weekly Review mwaka 1975, shinikizo lilikuwepo tena zito zaidi, lakini msomaji alipofunga jarida alikuwa amefahamu nani kasema, kwa nini kasema, na nani atafaidika.

Ndiyo maana nawaheshimu Mohammed Ali na John-Allan Namu, wakati ule wakiwa wanahabari wa televisheni ya KTN. Wenzao walipokuwa wamehamia habari nyingine, wao Oktoba 2013 walitoa makala ya upekuzi juu ya Westgate, wakipambanisha kauli za serikali na picha za kamera za usalama. Hapo ndipo uhusiano mwema ulipovua joho. Inspekta Jenerali wa Polisi, David Kimaiyo, akawajia juu kwa vitisho vya sheria. Wanajeshi walioonekana wakitoka na mifuko ya plastiki ya dukani tuliambiwa walibeba maji. Kabla mwezi haujaisha, jeshi lenyewe likatangaza kwamba wanajeshi wawili wamefukuzwa na kufungwa kwa wizi. Magodoro, maji: mkono ulikuwa ule ule.

Je, somo liliingia? Nusu. Shambulio la hoteli ya DusitD2 la Januari 2019 lilikuta wasemaji wachache zaidi na porojo kidogo zaidi, na hilo nalisifu. Lakini usiku wa tarehe 15 Waziri Fred Matiang'i alitangaza kwamba majengo yote yamedhibitiwa, kisha risasi zikasikika tena. Pupa ya kutangaza ushindi haijapata dawa.

Mtu ataniuliza kauli ya magodoro ilimgharimu nini aliyeitoa. Ole Lenku aliondolewa wizarani Desemba 2014, baada ya mauaji ya kigaidi huko Mandera, na mwaka 2017 watu wa Kajiado wakamchagua gavana, wakamrudisha 2022. Tume ya uchunguzi aliyoiahidi Rais haikuundwa, na ripoti ya kamati za Bunge ilikataliwa na Bunge lenyewe mwaka 2014. Gharama waliilipa wasemaji waliomfuata, wanaosema kweli na hawasadikiki, na tukailipa sisi tulioisambaza.

Kwa hiyo, mhariri mwenzangu, sheria yangu ni fupi. Msemaji akija na sababu ya moto kabla wazimamoto hawajaingia, mpe muda wake hewani, taja jina lake na saa aliyosema, kisha mwulize nani ameona. Akikataa swali, andika kwamba amelikataa, na uliandike katika aya ya pili, si ya mwisho.