Mikononi mwa Baba: Erich Segal baina ya Sinema na Riwaya

Aghalabu riwaya hutangulia, kisha sinema ikaja kuiposa. Kwa *Love Story* ya Mmarekani Erich Segal mambo yalikwenda kinyume. Muswada wa filamu ndio uliozaliwa kwanza. Kampuni ya Paramount ilipoukubali ikamtaka mwandishi augeuze kitabu, ili kiitangulie filamu na kuitengenezea njia. Kitabu kikatoka tarehe 14 Februari 1970, sikukuu ya wapendanao, na filamu ikafuata Desemba mwaka uo huo. Hapo wakapatikana waliokiona kitabu hicho kuwa ni tangazo lililotiwa jalada. Shutuma hiyo ina ukweli wake, lakini haitoshi.

Segal, aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1937, alikuwa mwanachuoni wa Kilatini na Kigiriki. Mwaka 1968 alitoa *Roman Laughter*, uchambuzi wa vichekesho vya Plautus, na mwaka huo huo jina lake likatajwa miongoni mwa waandishi wanne wa filamu ya katuni ya Beatles, *Yellow Submarine*. (Huyo huyo alikuwa mkimbiaji wa marathoni, na mwaka 1972 aliitangaza mbio hiyo kwenye televisheni kutoka Olimpiki ya Munich.)

Alama za sinema zimejaa kitabuni. Oliver, mwana wa tajiri, na Jenny, binti wa mwoka mikate, hupendana kwa kutupiana maneno kama washairi katika malumbano: mmoja hufumba, mwingine akafumbua kwa kejeli. Hapo Segal hana mpinzani. Lakini nje ya mazungumzo, ukurasa ni mkavu. Vyumba havina harufu, miji haina sauti, na Jenny anakufa kwa saratani ya damu kama asiye na kiwiliwili. Mwandishi alizoea kuiachia kamera kazi hiyo, na kitabuni kamera haimo. Basi si ajabu kwamba mwaka 1971 waamuzi wa Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani walitishia kujiuzulu mpaka kitabu kikaondolewa katika orodha ya washindani.

Hata hivyo, waliokidharau kwa kuwa kinatangaza kifo cha Jenny tangu sentensi ya kwanza walikosea shabaha. Anayekaa kusikiliza utenzi wa Fumo Liyongo anajua mapema kwamba shujaa atauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba, na bado haondoki. Kinachomkalisha ni namna ya kufika huko.

Tena kisa cha Liyongo kinatuelekeza kwenye kiini cha kitabu cha Segal, yaani ugomvi wa baba na mwana. Huo ndio uti wa mgongo alioutoa kwa Plautus: kijana amependa, baba mkali amezuia. Katika vichekesho vya Kirumi kijana hushinda, na mchezo ukaishia kwenye furaha. Segal anawaoza wapenzi wake katikati ya hadithi, kisha anauliza baba aliyekataliwa atafanywa nini. Jenny ndiye anayemsihi mumewe ampigie simu mzee huyo, na ugomvi mkubwa kabisa wa ndoa yao unatokana na simu hiyo.

Baadaye Segal aliandika *Oliver's Story* (1977), kisha vitabu vinene kama *The Class* (1985) na *Doctors* (1988), vyenye wahusika tele na ile kasi ya majibizano ikiwa imepungua. Alifariki London mwaka 2010. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye ukurasa unaolingana na ule wa mwisho wa kitabu chake kidogo cha 1970.

Katika filamu, Oliver anakutana na baba yake nje ya hospitali, anamjibu kwa maneno aliyowahi kuambiwa na Jenny, kisha anampita na kwenda kukaa peke yake kwenye theluji, mbele ya uwanja wa kuteleza barafuni. Picha hiyo ni nzuri, na muziki wa Francis Lai, uliopata Oscar, unaibeba. Kitabuni maneno ni yale yale, ila kijana haondoki. Analia mikononi mwa baba yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliyeiona filamu tu hajui kwamba wawili hao walikumbatiana.