Mizani ya Jibu Fasaha: Kupima Majibu ya Kiingereza Yahusuyo Uimbaji

Katika maswali ambayo mtahini wa IELTS, mtihani wa lugha ya Kiingereza, humwuliza mtahiniwa wake katika sehemu ya kusema, hapana yaonekanayo mepesi kuliko yale yahusuyo uimbaji: je, wapenda kuimba, ulifundishwa kuimba utotoni, ungependa kumwimbia nani, waona kuimba kwaweza kumletea mtu furaha? Mtihani huu, unaomilikiwa kwa shirika na British Council, IDP na Cambridge, na ambao umekuwa na jina lake hili tangu mwaka 1989, huchukua dakika 11 mpaka 14 za mazungumzo ya ana kwa ana, na maswali ya namna hii aghalabu huwekwa katika fungu lake la kwanza, la dakika 4 au 5, ambapo mtu huulizwa mambo ya maisha yake mwenyewe. Muuguzi atakaye kusajiliwa Uingereza kwa cheti hiki hudaiwa alama 7 katika 9 kwa kusema peke yake. Kwa hiyo mwalimu, au ndugu mkubwa ambaye mdogo wake humjia jioni akimwomba amsikilize, hana budi kuwa na sikio lijualo kutenga jibu zuri na jibu lililopambwa tu.

Jambo la kwanza apaswalo kulifahamu mwenye kupima ni kwamba sentensi ya kwanza ya jibu haina ushahidi mkubwa. Kukiri kwamba wapenda kuimba, au kukana, ni jambo ambalo hata mwanafunzi mchanga huliweza, na wala halimtofautishi na bingwa. Thamani ya jibu hukaa katika sentensi ya pili na ya tatu, pale msemaji atokapo katika kukiri au kukana akaingia katika sababu, au wakati, au mahali, au mtu fulani, kwani hapo ndipo alazimikapo kuunga neno na neno kwa fikira zake mwenyewe, pasipo msaada wa maneno ya swali.

Tuseme mtahiniwa mmoja aulizwa kama apenda kuimba, naye ajibu kwamba muziki ni lugha ya walimwengu wote, kwamba una daraja kubwa katika maisha ya binadamu, na kwamba humpunguzia mtu dhiki zake. Mwingine, binti wa Tanga, ajibu kwamba mbele ya watu haimbi kamwe kwa sababu ya haya, lakini akiwa peke yake jikoni akikuna nazi hujikuta akiuimba chini kwa chini wimbo ambao bibi yake alikuwa akiuimba, na kwa kuwa ubeti wa pili haujui mpaka leo, huurudia ule wa kwanza hata nazi iishe. Jibu la kwanza lina maneno makubwa, na msikilizaji asiye na uzoefu hulistahi. La pili lina maneno ya kila siku, lakini tazama kazi iliyomo ndani yake: mna kukana kunakofuatwa na kukubali, mna mazoea ya sasa na mazoea ya zamani, mna sababu na matokeo, na vyote vimekuja kwa taratibu ya mtu anayesimulia alijualo. Mwenye kuijua fani hii hulichagua la pili bila kusita, nami nasema kwa yakini kwamba katika madarasa yetu ya maandalizi ni jibu la kwanza ndilo lifundishwalo mara nyingi, na hilo ni dhuluma kwa wanafunzi.

Jibu lililohifadhiwa lina alama zake, na si vigumu kuzijua. Mwendo wa sauti hubadilika ghafla. Mtu aliyekuwa akitafuta maneno aanza kumwaga sentensi ndefu kama maji ya mfereji, kisha, hifadhi ikimwishia, hurudi katika kusitasita kwake. Alama iliyo kubwa zaidi ni kwamba jibu la namna hii halipindiki kulifuata swali. Aliyeulizwa juu ya kuimba ajibu juu ya muziki. Aliyeulizwa angependa kumwimbia nani ajibu faida za nyimbo kwa afya. Watahini wamefundishwa kuyatambua mambo haya, nao hawaadhibu kwa hasira wala hawamkatizi mtu kwa kumsuta, ila huuliza swali jingine dogo la pembeni, kama vile tangu lini, au kwa nini yeye, na hapo pambo huanguka.

Nyamazo nazo hazilingani. Miongozo ya alama za mtihani huu hupambanua kusita kwa kutafuta maneno na kusita kwa kutafuta fikira, na katika daraja ya juu kabisa kusita kwa pili huruhusiwa. Binti wetu akinyamaza kidogo kabla ya kutaja jina la wimbo, kwa kuwa akumbuka, nyamazo hiyo haimpunguzii kitu. Lakini akinyamaza kati ya kitendo na mtendwa wake, katikati ya tungo, hapo ni lugha iliyomponyoka. Sikio hujifunza tofauti hii kwa kusikiliza mahali nyamazo ilipoangukia kuliko urefu wake. Nyamazo ya mwisho wa fikira ni ya mtu mwenye kufikiri, nayo humpa hata heshima.

Katika hazina ya maneno, usihesabu maneno magumu. Sikiliza kama msemaji anayo maneno yahusuyo jambo lenyewe, yaani kwaya, ubeti, kiitikio, kupoteza sauti ya wimbo, kuimba kwa kukariri bila karatasi. Na zaidi ya hayo, msikilize afanyavyo anapolikosa neno. Mtu wa Unguja atakaye kusimulia usiku wa taarabu atafika mahali pa kutunza, ambapo watu huinuka na kumpelekea mwimbaji fedha huku wakicheza taratibu, na Kiingereza hakina neno moja la desturi hii. Mtahiniwa dhaifu huliruka jambo hilo, akasema tu kwamba watu hufurahi. Mtahiniwa hodari hulieleza kwa maneno manne matano yaliyo sahili, akaongeza kwamba atunzaye huenda ameguswa na ubeti ule kwa kuwa amehisi wamsema jirani yake. Kuzunguka neno lililokosekana na kufika salama ni kipawa kinachotajwa waziwazi katika mizani ya mtihani, nami hukifurahia kuliko msamiati wowote ulioazimwa vitabuni.

Sasa tuje kwenye matamshi, ambako uimbaji umeweka mitego yake kwa msemaji wa Kiswahili hasa. Lafudhi yenyewe si kosa, na anayejilazimisha kusema kama Mwingereza hupoteza nguvu zake bure. Kinachopimwa ni kueleweka, pamoja na mkazo na mawimbi ya sauti. Lakini Kiswahili kina irabu tano tu, na kitendo cha kuimba katika Kiingereza hubadilisha irabu yake kila wakati ubadilikapo: sing, sang, sung, na jina lake song. Kwa wengi wetu sang na sung hutoka kwa sauti ileile ya “a” yetu, hata mtahini asiweze kujua kama msemaji ameutumia wakati uliopita au hali timilifu, na hivyo sarufi iliyo sahihi kichwani huharibika mdomoni. Mwenye kupima na asikilize hapo kwanza.

Mtego wa pili uko katika tamati ya neno lenyewe. Sauti ya mwisho wa sing ndiyo ile ya mwanzo wa ng'ombe, na kila Mswahili anayo. Isipokuwa sisi hatuizoei mwishoni mwa neno, ndipo wengi huiongezea “g” nzito, au irabu ndogo ya kuiegemea, hata singer ikawa na kifua cha ngoma. Finger ndiyo yenye sauti ya ngoma. Singer ni ya ng'ombe. Na asiyetofautisha th na s, kama walivyo wengi wa bara wasemao selasini, hulifanya neno thing kuwa sing, na katika jibu la uimbaji makosa hayo huzaa mchafuko wa maana. Watu wa pwani, ambao tangu utotoni wametamka thamani na dhahabu kwa haki yake, wameipata rasilimali hii bila jasho, na ni ajabu kwamba wengi wao huiacha mlangoni waingiapo katika Kiingereza.

Sarufi nitaigusa mahali pamoja tu. Lugha yetu haimtengi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi, na kwa sababu hiyo mtahiniwa aliyesoma sana huweza kumsifu mwimbaji wa kike wa taarabu, Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani za santuri, huku akimwita he kutoka mwanzo wa jibu mpaka mwisho. Kosa hili likitokea mara moja na msemaji akajisahihisha upesi, lisikushughulishe. Likirudi kila sentensi, humsumbua msikilizaji hata asifuate tena habari yenyewe.

Vigezo vinne hivi, yaani mtiririko pamoja na mshikamano, msamiati, sarufi na matamshi, hulipwa sawa, robo kwa robo. Ukweli wa habari hauna fungu lake, wala mtahini hapimi kama mtahiniwa kweli huimba. Hata hivyo mimi nawasihi wanafunzi waseme lililo kweli, kwa kuwa uongo hudai kutungwa na kutafsiriwa kwa wakati mmoja, na hiyo ni mizigo miwili. Kuhusu urefu, katika fungu la kwanza sentensi tatu au nne zatosha. Anayehutubia hapo hula muda wa maswali mengine, na hotuba ina mahali pake katika fungu la pili, ambapo mtu hupewa dakika 1 ya kujiandaa, kisha husema kwa dakika 1 mpaka 2.

Na ukitaka kumpima mtu wa nyumbani mwako kwa insafu, mwulize leo kama apenda kuimba, umrekodi kwa simu, kisha uache siku kadhaa zipite, umwulize kama kuna nyimbo ambazo hapendi kuziimba. Sikiliza majibu yote mawili kwa pamoja. Maneno yaleyale yakirudi kwa mpangilio uleule, mrudishe kwenye mazungumzo ya kawaida, umwombe akusimulie juu ya mtu mmoja aliyewahi kumsikia akiimba, na usimpe karatasi.