Elizabeth na Charlotte: Neno juu ya Ndoa na Mali

Binti akiposwa, mara nyingi wazee huuliza habari za mali kwanza, na moyo wa binti huulizwa baadaye, au hauulizwi kabisa. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu kitabu kimoja cha Kiingereza kilichopigwa chapa mwaka 1813. Jina lake Pride and Prejudice, maana yake majivuno na kudhani vibaya. Mtungaji wake ni Jane Austen, binti wa kasisi.

Bwana Bennet ana binti watano, wala hana mwana wa kiume. Mali yake yampa paundi 2,000 kila mwaka, lakini kwa masharti ya urithi, akifa, nyumba na shamba vitakwenda kwa jamaa yake, kasisi Collins. Basi Collins aja kumposa Elizabeth, binti wa pili. Akimkubali, nyumba haitawatoka. Lakini Collins ni mtu wa maneno mengi, mwenye kujisifu na kujipendekeza kwa wakubwa. Elizabeth akataa, ijapokuwa mama yake akasirika sana. Kabla ya siku tatu kwisha, Collins amekwisha kumposa rafiki yake Charlotte, mwenye miaka 27, asiye na mali wala uzuri. Huyu akubali, apate makao.

Twamsifu mtungaji kwa kuwa hakumdhihaki Charlotte. Atuonyesha tu nyumba yake: ni safi, kuku wanatunzwa, na bibi amejichagulia chumba cha nyuma, ili mumewe asimjie mara kwa mara, tena amhimiza sana kulima bustani. Pasipo mahubiri, twaijua bei ya nyumba ile.

Wengine hulaumu kwamba mwishowe Elizabeth aolewa na Darcy, mwenye paundi 10,000 kwa mwaka. Basi amepoteza nini? Lakini tusisahau ya kuwa Darcy naye alikataliwa mara ya kwanza, na mali yake ilikuwa ile ile. Wala mtungaji hasemi kwamba mapenzi peke yake yatosha, maana Lydia, mdogo wake Elizabeth, atoroka na askari mwenye madeni, naye hasifiwi. Wazee husema, Kipendacho moyo ni dawa; lakini dawa nayo ina kipimo.

Hata hivyo twakiri kwamba twaona upungufu: hatuonyeshwi mwanamke aliyechagua vema akabaki na kidogo. Huyo twamwona katika maisha ya mtungaji mwenyewe. Mwaka 1802 aliposwa na kijana mrithi wa mali nyingi. Jioni alikubali, na asubuhi akalirudisha neno lake. Hakuolewa kamwe. Alikaa katika nyumba aliyopewa na kaka yake, akafa mwaka 1817, mwenye miaka 41. Elizabeth alipewa utajiri. Mtungaji wake hakupewa.

Basi tusifanye haraka kumhukumu Charlotte. Hakuwa na shamba, wala urithi, wala kazi ya kumlisha. Sisi tulio wazazi na walimu, yatupasa kujiuliza: je, tumewapa binti zetu elimu na haki ya kutosha, hata wakisema "Sitaki" waweze kulishika neno lao?